Siku ya kambi kando ya ziwa la Kamburu: somo la likizo kwa wazazi na walezi

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, vichochoro vya mtaa wa Dallas mjini Embu hujaa watoto kuanzia asubuhi. Wazazi wengi huwa wameshatoka. Huyu yuko sokoni, yule yuko kwenye kibarua cha shambani, mwingine yuko steji na pikipiki yake. Mtoto wa Gredi ya 5 ameachiwa ufunguo wa nyumba, sufuria ya githeri na mdogo wake wa kuangalia. Kufikia saa nne githeri imeliwa, ufunguo umefichwa chini ya jiwe, na wawili hao hawako nyumbani. Likizo ya Novemba na Desemba ni ndefu zaidi, na huja wakati mvua za vuli zimejaza mito na mashimo yaliyoachwa na wachimba mawe.

Ndiyo maana wazazi hufurahi wanaposikia kwamba kanisa, msikiti, kikundi cha skauti au chama cha akina mama kinapanga siku ya kambi kwa watoto. Kambi ya aina hii ni ya mchana tu: watoto huondoka asubuhi, hushinda mahali fulani wakicheza na kujifunza, na hurudi kabla ya giza kuingia. Haina hema wala godoro. Nchi za kaskazini hupeleka watoto wao kambini Julai na Agosti kwa sababu huo ndio msimu wao wa joto. Kwetu Agosti ni mwezi wa baridi na manyunyu mjini Embu, na anayetaka jua humbidi ateremke Mbeere. Huko Mbeere ndiko kuliko maji mengi pia, yaani maziwa yaliyotengenezwa na mabwawa ya mto Tana.

Makala haya yanaeleza kambi ya namna hiyo inavyofaa kuendeshwa kando ya ziwa la Kamburu. Yameandikwa kwa ajili ya mzazi anayetaka kujua amlipie mtoto au amwache, na kwa ajili ya kiongozi anayeipanga safari. Jambo kubwa ni moja, na lielezwe mapema ili lisije likapotea katikati ya mengine: kambi nzuri kando ya ziwa hili ni ile ambayo hakuna mtoto anayeingia majini.

Maji ya Rupingazi yanakoishia

Mtoto wa Dallas hahitaji kuambiwa mto ni nini. Anaijua Rupingazi, na wengi wanaijua Kapingazi. Asichokijua ni kule maji hayo yanakoelekea yakishapita mji. Kapingazi huingia Rupingazi, Rupingazi huingia Thiba, na Thiba humwaga maji yake katika ziwa la Kamburu. Kwa hiyo mtoto anayesimama ukingoni mwa Kamburu anaangalia, kwa sehemu, maji yaliyopita karibu na kwao siku chache zilizopita. Walimu wengi wangetamani kupata somo la jiografia lililo rahisi namna hiyo.

Kamburu ni bwawa moja kati ya matano yaliyopangana kwenye mto Tana, katika mradi unaojulikana kama Seven Forks. La kwanza kukamilika lilikuwa Kindaruma mwaka wa 1968. Likafuatwa na Kamburu mwaka wa 1974, Gitaru mwaka wa 1978, Masinga mwaka wa 1981 na Kiambere mwaka wa 1988. Ukifuata mto kutoka juu kwenda chini, mpangilio ni tofauti na huo wa miaka: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Masinga ndilo kubwa zaidi kwa maji, na kazi yake kuu ni kuwawekea akiba wenzake walio chini. Maji yaleyale huzungusha mitambo mara tano kabla ya kuachiwa yaende Garissa na hatimaye Bahari Hindi. Vituo vyote vitano vikifanya kazi kikamilifu vinaweza kuzalisha karibu megawati 600, na Gitaru peke yake huchangia 225.

Watoto hupenda hesabu hiyo ya mara tano. Hupenda zaidi wakielezwa kwamba taa inayowaka nyumbani jioni huenda imewashwa na maji waliyoyatazama mchana.

Hapohapo kuna onyo. Ziwa la bwawa la umeme si tuli kama linavyoonekana. Kina chake hupanda na kushuka kulingana na mvua na kulingana na umeme unaohitajika, hivyo ukingo uliokuwa mkavu wiki jana unaweza kuwa tope laini leo. Chini ya kituo cha umeme hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mtambo ukiwashwa maji huongezeka ghafla katika mto uliokuwa na mawe matupu. Mahali hapo hapafai kabisa kwa watoto, hata kama panapendeza kwa picha. Na msimu wa mvua kubwa mabwawa hujaa yakafurika, kama ilivyotokea Masinga mwezi wa Mei 2024. Kipindi cha namna hiyo safari huahirishwa, na aliyelipa hurudishiwa pesa zake.

Ziwa la kutazama

Upande wa Embu, Kamburu na Masinga zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Mwea, yenye ukubwa wa kilomita 42 za mraba, iliyotengwa mwaka wa 1976. Ndani yake mna ndovu, nyati, twiga na pundamilia. Majini mna viboko na mamba. Ni mahali pazuri mno kwa mtoto ambaye wanyama hao amewaona kwenye vitabu tu, na inashangaza jinsi familia nyingi za Embu zinavyoweka akiba ya kwenda Mombasa ilhali hazijawahi kuteremka huku.

Lakini viboko na mamba hawabaki ndani ya mipaka ya hifadhi. Ziwa ni moja, nao huogelea wanakotaka. Kiboko hushinda majini mchana na hutoka jioni kwenda kula nyasi, akifuata njia yake ileile kila siku. Anayesimama kati yake na maji humtia hofu, na kiboko aliyetiwa hofu hushambulia. Mamba hufanya kinyume cha hapo: hana haraka, hulala kimya karibu na ukingo, macho tu yakiwa juu, akisubiri anayekuja kunawa mikono au kuchota maji. Mtoto aliyeinama kunawa ana kimo kilekile cha mbuzi anayekunywa.

Hiyo ni sababu ya kwanza ya kutoingia majini. Ya pili ni rangi ya maji. Mito inayoteremka kutoka mashambani hubeba udongo, na ziwa huwa la kahawia kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mtoto akizama hata kwa urefu wa mkono mmoja haonekani tena kutoka juu. Mwokoaji hodari hana la kufanya na maji asiyoweza kuona ndani yake.

Ya tatu haina meno wala haionekani kwa macho. Ni kichocho.

Minyoo ya kichocho huishi kwanza ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, wanaopenda kingo zenye majani na maji yasiyokwenda kasi. Kutoka kwa konokono hutoka vijidudu vinavyoogelea vikitafuta ngozi ya binadamu, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya asubuhi iliyokomaa na alasiri, saa zilezile ambazo watoto wangetaka kucheza majini. Vikimpata mtu hupenya ngozi yake kwa dakika chache bila kuacha jeraha. Majirani zetu wa mashamba ya mpunga ya Mwea, kaunti ya Kirinyaga, wanaujua ugonjwa huu kwa miaka mingi. Dalili huchelewa. Wiki kadhaa baada ya safari mtoto anaweza kuwa na homa, kikohozi au mwasho, na baadaye damu kwenye mkojo au choo. Wakati huo hakuna anayeikumbuka tena siku ya kambi. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa. Mzazi ambaye mtoto wake ameingia katika maji ya ziwa au mfereji amweleze mhudumu wa afya hivyo, hata asipoulizwa.

Je, mtoto asijifunze kuogelea? Ajifunze, tena mapema. Kuna vidimbwi vya kuogelea mjini Embu, na kidimbwi chenye mwalimu na maji yanayoonekana mpaka chini ndicho darasa la kuogelea. Kinachokatazwa ni kuchanganya mambo mawili, kwa sababu mtoto aliyejua kuogelea juzi katika kidimbwi ndiye huwa wa kwanza kujaribu ziwa leo.

Kuzama hakuna kelele

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, kuzama ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Zaidi ya vifo tisa kati ya kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako watu huishi, hufua na hufanya kazi karibu na maji yasiyo na uzio. Umoja wa Mataifa ulitenga tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama. Tarehe hiyo huangukia siku chache kabla shule zetu hazijafungwa, nayo ni wakati mwafaka wa mwalimu kulizungumzia jambo hili darasani.

Takwimu hizo hazimsaidii mzazi kama hajui kuzama kunafananaje. Watu wengi hudhani anayezama hupiga mayowe na kupunga mikono. Mtoto anayezama hana pumzi ya kupigia mayowe. Husimama wima majini, kichwa kimeinama nyuma, mdomo ukipanda juu ya maji na kushuka, mikono ikikandamiza maji pande zote mbili. Anayemtazama kutoka mbali hudhani anacheza. Yote hayo huchukua muda mfupi, mara nyingi usiozidi dakika moja, kisha huenda chini. Ubongo ukikosa hewa kwa dakika nne hadi sita huanza kuharibika.

Kwa hiyo sikio haliwezi kuwa mlinzi wa watoto kando ya maji. Linatakiwa jicho, na jicho hilo lisiwe na kazi nyingine.

Hesabu ya vichwa

Tuseme gari limeondoka Dallas na watoto 32. Busara ni kuwagawa katika makundi yasiyozidi watoto wanane, kila kundi na mtu mzima wake, na wale wadogo wa chini ya miaka minane wawe katika kundi dogo zaidi. Hapo kuna watu wazima wanne au watano. Kisha aongezwe mmoja ambaye hana kundi. Huyu hapiki, hapigi picha, hasimulii hadithi, hashiki simu. Kazi yake ni kuketi kati ya watoto na ziwa akitazama upande wa maji. Macho huchoka, kwa hiyo hubadilishwa na mwenzake kila nusu saa, na anayempokea hutamka kwa sauti kwamba amepokea. Viongozi wengi huona aibu kumlisha mtu mzima aliyekaa tu siku nzima. Wasione aibu, kwani huyo ndiye anayefanya kazi kubwa kuliko wote.

Kila mtoto hupewa namba kabla gari halijaondoka, iandikwe mkononi kwa kalamu. Wakati wa kuhesabu, kiongozi haiti majina. Watoto wenyewe hutamka namba zao kwa kufuatana, moja, mbili, tatu, mpaka 32. Asiyekuwepo hujulikana mara moja kwa kimya kinachobaki mahali pake. Njia ya kuita majina ina kasoro inayojulikana na kila mwalimu: mwenzake huitikia kwa niaba yake, akidhani yuko chooni.

Hesabu hufanywa mtoto anapopanda gari, anaposhuka, kila nusu saa, kabla ya chakula, baada ya chakula, na kabla ya kuondoka. Vilevile kila mtoto huwa na jozi wake. Hakuna anayekwenda chooni bila jozi, na akiulizwa wakati wowote jozi wako yuko wapi, lazima awe na jibu.

Saa ya hatari zaidi si ile ya mchezo, bali ni baada ya chakula cha mchana. Watu wazima wanaosha sufuria, dereva amelala chini ya mti, mpira umewekwa kando, na watoto wameshiba na hawana la kufanya. Wawili watatu husogea ukingoni kurusha mawe. Kiongozi mwenye uzoefu huiandalia saa hiyo shughuli ya kuketi, kama hadithi, vitendawili au michoro, mbali na maji, na huosha sufuria akifika nyumbani.

Eneo la kambi huwekewa mpaka kwa kamba au kwa matawi, angalau hatua 50 kutoka ukingoni, mahali penye kivuli na pasipo na njia ya viboko. Mlinzi wa wanyamapori wa eneo hilo ndiye wa kuulizwa njia hizo ziko wapi. Watoto wavae viatu vilivyofunika miguu, kwani Mbeere ina miiba na nyoka.

Watoto watafanya nini basi?

Swali hili huulizwa kila mara, kana kwamba ziwa lisilochezewa halina faida. Kuna kazi ya kutosha siku nzima.

Kabla ya kuondoka Embu, mtu mzima huchota maji ya Rupingazi kwa ndoo yenye kamba na kuyajaza kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Chupa nyingine hujazwa maji ya mfereji wa nyumbani. Wakifika kambini, chupa hizo huwekwa juu ya jiwe zisiguswe mpaka saa ya chakula. Gari limezitikisa njia nzima, lakini kufikia mchana udongo utakuwa umeanza kutuama chini ya chupa ya mto. Hapo mtoto huulizwa: udongo huu ulikuwa shamba la nani? Kisha huonyeshwa ziwa na kuulizwa udongo wa miaka 50 umekwenda wapi. Majibu yatawapeleka wenyewe kwenye matuta, nyasi za kuzuia mmomonyoko na miti ya kando ya mto, mambo ambayo maafisa wa kilimo huyarudia kwenye mabaraza bila kusikilizwa nusu ya hivyo.

Ndege nao hawaishi. Furukombe mwenye kichwa cheupe husikika kabla ya kuonekana. Korongo husimama kwa mguu mmoja majini, na mnandi hutandaza mbawa zake juu ya kigogo kuzikausha. Mwea ni makao ya ndege mmoja wa kahawia na mweupe aliyepewa jina la Hinde, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Kenya. Mtoto akimwona na kumchora, amefanya kazi ambayo wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuifanya. Darubini moja inatosha kwa kundi zima, mradi izunguke kwa zamu.

Wavuvi wa tilapia na kambare wakiwa wamerudi asubuhi, mmoja wao anaweza kualikwa aeleze nyavu zake na jinsi anavyojua kiboko yuko karibu. Wazee wa Mbeere walioliona bonde hili kabla halijajaa maji bado wapo, nao husimulia vizuri kuliko kitabu.

Na kuna mafunzo ya kuokoa maisha. Robert Baden-Powell alipoendesha kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, akiwa na wavulana wapatao 20, aliitenga siku nzima kwa somo la kuokoa. Kambi hiyo ndiyo iliyozaa skauti, naye amezikwa Nyeri, ng'ambo ya mlima wetu. Mtoto wa miaka minane anaweza kujifunza kanuni hii katika nusu saa: ukimwona mwenzako majini, piga kelele kumwita mtu mzima, mrushie kitu kinachoelea au mfikishie fimbo ukiwa umelala chini, na usiingie kamwe. Debe tupu la lita tano lililofungwa kifuniko na kufungiwa kamba ni kifaa kizuri cha kurusha. Watoto hufanya zoezi hilo kwenye nchi kavu, mmoja akiigiza anayezama, na hucheka sana. Wacheke tu, kwa kuwa jambo lililochezwa halisahauliki.

Kuhusu kupanda boti, watoto 32 ni wengi mno kwa safari ya siku moja, na pasipo sababu maalumu ni afadhali kuacha. Wakipanda, kila mmoja avae jaketi la kuokolea linalomtosha. Mwinue mtoto kwa mabega ya jaketi: likipanda mpaka masikioni, ni kubwa mno na litamvuka akianguka.

Maswali kabla ya kulipa

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Kwa mzazi maana yake ni kwamba kuuliza maswali si kumkosea mchungaji, ustadhi wala mwalimu heshima. Kiongozi aliyejipanga hujibu bila kukasirika.

Aulizwe ni nani atakayekuwa anatazama maji, kwa jina. Jibu likiwa "sote tutakuwa tunaangalia", huo ndio wakati wa kurudisha pesa mfukoni, maana kinachoangaliwa na wote mara nyingi hakiangaliwi na yeyote. Aulizwe kama amepata kibali: maeneo ya mabwawa yanasimamiwa na kampuni ya KenGen, kuingia hifadhini kuna taratibu na ada zake, na safari ya shule huhitaji idhini ya ofisi ya elimu. Aulizwe kama watu wazima wanaokwenda na watoto wana vyeti vya tabia njema, na kama kuna kanuni kwamba hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja mahali pa faragha. Gari lina viti vya kutosha, au watoto watapakatana? Maji ya kunywa yatabebwa kutoka nyumbani? Nani amefunzwa huduma ya kwanza? Wataondoka ziwani saa ngapi? Jibu sahihi la hilo la mwisho ni saa tisa au mapema zaidi, ili jioni ya viboko isiwakute huko na giza lisiwakute barabarani.

Mzazi naye ana deni lake. Amweleze kiongozi kama mtoto ana pumu, kifafa au dawa anayotumia. Mtoto mwenye kifafa anaweza kwenda kambini kama wengine, lakini mtu mzima wa kundi lake lazima ajue. Aandike namba mbili za simu, yake na ya jirani. Usiku wa kuamkia safari amwambie mtoto kwa maneno machache kwamba hakuna kuingia majini, hata rafiki akiingia, hata kiatu kikielea.

Jambo jingine linalofaa kutajwa: siku ya kambi isigeuzwe kuwa tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 hairuhusu wanafunzi kulazimishwa kuhudhuria masomo ya ziada wakati wa likizo, na kubadilisha jina la shughuli hiyo hakubadilishi sheria.

Ajali ikitokea

Mtoto akitolewa majini akiwa hapumui, asininginizwe kichwa chini, asibanwe tumbo, asibebwe begani kukimbizwa. Desturi hizo huchelewesha hewa, na hewa ndiyo aliyoikosa. Alazwe chali mahali pagumu, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nyuma, apuliziwe pumzi mdomoni pua ikiwa imebanwa, kisha kifua kibanwe katikati mara 30 na apuliziwe tena mara 2, bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Wakati huohuo mwingine anapiga simu na gari linawashwa. Hata akizinduka na kuonekana mzima, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Namba za dharura ni 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya. Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, haina malipo, na hutumika pia kuripoti mtu mzima aliyemdhulumu mtoto safarini. Mnyama hatari akionekana karibu na makazi au malambo, taarifa ipelekwe kwa ofisi ya KWS iliyo karibu au kwa chifu.

Gari likirudi Dallas jioni, watoto wasishuke ovyo kila mmoja penye kona ya kwao. Hushukia mahali pamoja, hutamka namba zao mara ya mwisho, na kila mmoja hukabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye orodha. Chupa ya maji ya Rupingazi huenda nyumbani na mtoto mmoja, ikiwa imefungwa, ili kesho yake udongo ukiwa umetuama kabisa aupime kwa rula na kuwaonyesha wenzake.